Mtu Aliyevuliwa Katambuga

Sikumpenda, na nisiposema hivyo mapema utadhani namsifu. Habari zake zina ubaya huo. Ukizisimulia kama zilivyo, nyingine zinageuka sifa zenyewe hata kama msimulizi amekunja uso. Basi ijulikane kwamba nimekunja uso.

Pale Mbwawa, Kibaha, tulimwita Mwalimu wa Agano. Kanisani kwetu waliofundisha Biblia walikuwa watatu. Wawili walifundisha chochote walichopangiwa, yeye alifundisha Agano la Kale tu. Ukimwomba aguse nyaraka za mitume, anakujibu kwamba nyumba haiezekwi kabla ya msingi, na tangu nimfahamu hakuwahi kufika kwenye paa. Jumamosi saa tisa alasiri aliingia na ubao wake mdogo kwapani, akaufuta kwa mkono wa shati, akaandika maneno mawili: AGANO upande wa kushoto, UKOMBOZI upande wa kulia. Nilikaa mbele ya ubao ule miaka kumi na moja, kwanza nikiwa msichana wa shule, baadaye nikiwa fundi cherehani mwenye fremu yangu, na sikumbuki kuona neno la tatu.

Majina ya watu wa kwenye Maandiko sitayataja hapa. Aliyataja yeye ya kutosha kwa niaba yetu sote.

"Agano si ahadi," alikuwa anasema. "Ahadi unampa mtu huku unatafuta funguo zako. Agano mnakula pamoja, mnaweka alama, na mnamwita Mungu aone. Rudieni." Tunarudia. Kisha anahamia upande wa kulia wa ubao. Mkombozi, alisema, si malaika mwenye mabawa. Mkombozi ni ndugu yako wa karibu. Ukifilisika ukauza shamba, yeye ndiye anayelirudisha. Ukijiuza utumwani, yeye ndiye anayekutoa. Ukifa ukaacha mjane, yeye ndiye anayesimama ili jina lako lisifutike pale ulipolima. Watu wa kale hawakuwa na maneno mengi juu ya mbinguni, alisema, walikuwa na mashamba na ndugu, na Mungu aliingia humo humo.

Nakiri kwamba alifundisha vizuri. Inaniuma kuandika hivyo.

Kila mara mtu mmoja alikuwa anauliza, "Na ndugu asipotaka, Mwalimu?" Tulikuwa tunangojea swali hilo kwa sababu ya kilichofuata. Anawapanga watu kumi kwenye benchi kuwa wazee wa lango la mji. Anasimulia habari ya yule mjane wa Kimoabi na mkwewe waliorudi mikono mitupu, na ndugu wa karibu aliyeitwa langoni mbele ya wazee. Ndugu yule akasema shamba nitalikomboa. Alipoelezwa kwamba pamoja na shamba kuna mjane wa kusimamiwa, akageuka. Akasema hawezi, asije akaharibu urithi wake mwenyewe. Hapo Mwalimu anainama, anavua katambuga ya mguu wa kulia, anaipiga juu ya meza mpaka vumbi linaruka. Ndivyo walivyofanya, anasema. Anayekataa kukomboa, kiatu kinamtoka mbele za watu. Tena mahali pengine katika Torati, mwanamke mwenyewe ndiye anayemvua, na nyumba ya mtu yule inaitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu. Kulikuwa na sehemu nyingine ya desturi hiyo, ya kumtemea mtu huyo mate usoni, ambayo aliwaomba wanawake wa Kibaha wasiijaribu. Tunacheka. Anavaa katambuga yake, somo limekwisha.

Mama yangu alikaa safu ya pili, upande wa dirishani. Hakuwahi kuuliza swali hata moja. Mwalimu alidhani haelewi.

Hizo katambuga nazo zilikuwa somo. Zilikatwa kwenye tairi la lori, gidamu zake zimepigiliwa misumari, na alizivaa kanisani, shambani na kwenye harusi. Watu wa jangwani walitembea miaka arobaini viatu vyao visichakae, alisema, na mimi nangoja kuona hizi zitafika wapi. Kutoka Mbwawa mpaka Soga alikwenda kwa miguu, na bodaboda wakimpigia honi anawauliza wanamkimbia Farao gani. Nguruwe alikuwa hali, na kambale hali kwa kuwa hana magamba. Upande wa Vihingo, alikokuwa na shamba, Waislamu walimpenda kwa hilo. Walimkaribisha futari. "Huyu katuzidi," walisema, "sisi kambale tunakula."

Na shikamoo. Hakuna mtu niliyemwona anadai shikamoo kama yule. Ukimpita bila kumwamkia, anasimama katikati ya njia na kungoja mpaka umkumbuke. Ukishamwamkia anakujibu kwa sauti ndefu ya kuvuta, "Marahabaaa," kama mtu anayefungua geti zito. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanaiga. Mimi pia.

Hatukuwa na undugu wa damu naye. Alitoka wilaya moja na baba huko bara, wakakutana Kibaha kazini, na watu wawili wanaojua mto mmoja wakikutana mbali na nyumbani wanakuwa ndugu. Yeye ndiye aliyempeleka baba kwa mzee mmoja wa Kizaramo huko Vihingo aliyekuwa anauza shamba. Yeye alikuwa ameshanunua la kwake kwa mzee huyohuyo, jirani kabisa. Baba alitaka waandikishane. "Karatasi ya nini?" Mwalimu akasema. "Tutaweka mawe."

Wakaweka mawe. Kama alivyofanya yule mkwe na mkwewe waliokimbizana mpaka mlimani katika kitabu cha kwanza, walikusanya mawe kutoka korongoni, wakayarundika pale mpakani kwenye mti wa mnyaa, kisha wakala juu yake. Mama alikuwa amechemsha muhogo. Walikula watatu, baba, Mwalimu na mzee mwenye shamba, na mama akasimama pembeni na birika. Yule mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Nyie watu wa bara mna mambo," akasema. "Mimi nikishasema nimesema. Lakini lete huo muhogo."

Na alikuwa mkweli. Alipokuwa hai hakuna aliyetugusa.

Baba alipougua, Mwalimu alikaa naye wodini wiki mbili. Alimwosha mwenyewe, akamlisha uji kwa kijiko, akawafukuza wauguzi waliotaka kumsaidia. Niliyaona haya kwa macho yangu. Baba akataka azikwe shambani kwake Vihingo, akazikwa hapo, karibu na mnyaa. Mchanga ulipokwisha kusawazishwa Mwalimu akasimama kichwani mwa kaburi, akasema kwa sauti ya darasani, "Nyumba hii ina mkombozi. Jamaa wa karibu ni mimi. Mungu ameona." Mama alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Tangu siku ile nikaacha kumwita Mwalimu, nikamwita baba mdogo. Mama alipoulizwa akifa azikwe wapi, alijibu jambo moja bila kubadili: pale, ubavuni kwa mume wangu, na baba yenu mdogo anajua mahali.

Ikapita miaka mitano. Mzee wa Kizaramo naye akafariki. Reli mpya ikaanza kujengwa kupitia Soga, watu wa Dar wakaanza kuja na magari wakiuliza mashamba, na mtoto mkubwa wa yule mzee akaja na kamba ya kupimia. Akasema baba yake hakuuza. Aliwaazima tu wageni walime. Tuliporudi shambani mawe hayakuwepo, na mpaka leo sijui yako kwenye msingi wa nyumba ya nani.

Baraza la kijiji lilikaa asubuhi kwenye ukumbi wa nje wa ofisi. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu, na wazee waliokaa naye hawakuwa na ubaya nasi. Mmoja wao alikwishaanza kusema kwamba yeye anakumbuka kuona mawe pale, na kwamba marehemu mzee wa Kizaramo alikuwa akiwasimulia habari ya kula muhogo juu ya mawe huku anacheka. Tukaona mambo yanakwenda vizuri. Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, wewe ndiye unayetajwa. Ulikuwepo?"

Mwalimu akajikohoza. Akatazama ubao wa matangazo. "Siku zile nilikuwa napita sana maeneo yale," akasema. "Mambo ya kuuziana siyakumbuki vizuri."

Nilidhani sijasikia. Mama akauliza taratibu, "Shemeji, muhogo uliokula juu ya mawe unaukumbuka?"

"Shemeji, nimekula muhogo sehemu nyingi."

Baadaye tuliambiwa, na hata yeye hakukana, kwamba mtoto wa marehemu alimfuata kabla ya siku ile. Alimwambia, ukisema shamba la jirani yako liliuzwa kwa mdomo na mawe, na la kwako litaulizwa, maana nalo lilinunuliwa kwa mdomo na mawe. Ukinyamaza, la kwako halitaguswa. Asije akaharibu urithi wake mwenyewe. Miaka kumi na moja alifundisha habari za mtu yule wa langoni, akamcheka, akampigia kiatu mezani, na zamu yake ilipofika akasema maneno ya mtu yule.

Mama akainuka. Akapita katikati ya benchi, akapiga magoti mbele ya Mwalimu, akashusha gidamu nyuma ya kisigino chake cha kulia, akamvua katambuga. Mwalimu hakuvuta mguu. Alielewa. Mle barazani tulioelewa tulikuwa watatu tu.

Hapa ndipo kosa la mama lilipo, na ni kosa ambalo mtu wa darasa lile tu angeweza kulifanya. Aliamini kwamba kitu kilichofundishwa kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja kinajulikana na kila mzee anayekaa barazani. Alidhani wazee wa Vihingo wakiona kiatu kinamtoka mtu watajua maana yake. Wao walimwona mjane amechukua kiatu cha mwanamume mbele za watu na kukifunga ndani ya kanga. Kwanza mtu mmoja akasema, "Anamwangukia." Mwingine nyuma akasema, "Anamwangukia wapi, anachukua unyayo wake." Minong'ono ikaanza.

"Mama, rudisha kiatu cha mtu," mwenyekiti akasema. "Hapa hatutaki mambo hayo."

Mama akatikisa kichwa. Mtoto wa marehemu akainua mikono. "Mnaona? Mnaona watu tunaokaa nao?"

Yule mzee aliyeanza kusema habari za mawe akafunga mdomo, hakuufungua tena. Na Mwalimu alikuwa amekaa palepale, mguu mmoja mtupu juu ya saruji. Angeweza kusema sentensi moja. Hii ni desturi ya kwenye Maandiko, jamani, si uchawi, mimi ndiye niliyemfundisha. Asingepoteza hata hatua moja ya shamba lake kwa kusema hivyo. Hakusema. Alimwacha mama yangu aitwe mchawi.

Watu wakiniuliza kwa nini namchukia wanadhani ni shamba. Shamba lilikuwa la baba na lilipotea, mashamba yanapotea kila siku huku kwetu. Namchukia kwa ule ukimya. Namchukia kwa sababu tulitembea mpaka Soga siku ile na watoto wanatufuata kwa mbali, na kwa sababu mama miaka yote tisa iliyofuata hakuruhusiwa kukanyaga pale alipolala mumewe. Katambuga akaiweka juu ya kabati. Kila Jumamosi aliipangusa vumbi. Nilimwambia aitupe chooni, akaniambia si yetu.

Mwalimu aliendelea kufundisha. Alianza kuvaa viatu vya kufunika, na habari ya mjane wa Kimoabi hakuisimulia tena. Mimi niliacha kwenda darasani na niliacha kumwamkia. Nikikutana naye anasimama njiani kungoja, nami napita. Mara ya kwanza niligeuka kumtazama, maana nimelelewa. Baadaye nikazoea, na siwezi kudanganya, nilianza kufurahia.

Mwaka huu, wakati wa mvua za mwanzo, bodaboda ilimshusha mbele ya fremu yangu. Nilikuwa naunga sare za shule. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka fimbo katikati ya magoti, akangoja. Niliujua ule ungojaji. Nikakanyaga cherehani.

"Hujaniamkia," akasema.

"Unataka kushonewa nini?"

Akatazama mguu wake. "Sukari. Wamekata vidole viwili. Wanasema huenda wakapanda juu." Akaugusa kwa ncha ya fimbo. "Mguu ni ule ule, mwanangu."

"Ungekuwa wa kushoto ungesemaje?"

Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Akaniambia anataka katambuga yake. Hataki kufa akiitwa aliyevuliwa. Nikamwambia hakuna mtu duniani anayemwita hivyo isipokuwa yeye mwenyewe, watu wa Vihingo wao wanamwita mtu aliyerogwa, naye alikaa kimya wakaamini hivyo. Akasema, "Najua." Akasema, "Mpaka ulikuwa kwenye mnyaa. Baba yako alinunua. Nilikula muhogo ule, ulikuwa na nazi." Aliyasema kwa sauti ndogo, mimi na cherehani tu tukimsikia.

"Mimi si baraza," nikamwambia. "Kaseme kule. Ukisema, katambuga utaipata."

"Nitaaibika."

"Ndiyo."

Nilidhani nimemfukuza. Jioni nikamsimulia mama, ambaye siku hizi hatoki nje ya uzio bila kushikwa mkono, nikitegemea acheke. Hakucheka. Akaniomba nimshushie katambuga kutoka kabatini. Akaipangusa ingawa haikuwa Jumamosi. "Akisema," akaniambia, "umvalishe. Nilimvua mimi, lakini magoti yangu hayafiki tena."

"Mimi nimpigie magoti yule?"

"Hupigi magoti kwa ajili yake. Mimi nataka mahali pangu pa kulala."

Basi Mwalimu alipoomba baraza liitishwe, nikaenda Vihingo na katambuga ndani ya mfuko, na moyoni naomba asije. Alikuja. Alikuwa amevaa kiatu mguu wa kushoto peke yake. Mwenyekiti ni mwingine sasa, ila yule mzee wa mawe yupo bado. Mwalimu alisimama kwa fimbo, akasema yote: kuuziana, mawe, muhogo, shamba lake mwenyewe na jinsi alivyolilinda kwa ukimya. Kisha akaeleza habari ya kiatu. Alisema mama hakuwa mchawi, alikuwa mwanafunzi pekee aliyesikiliza. Alizungumza kama alivyozungumza Jumamosi zote zile, na nitasema ukweli, watu walitega masikio kama sisi tulivyokuwa tunatega.

Mtoto wa marehemu hakubishana sana. Shamba alikwishaliuza vipande vipande. Kilichobaki ni kipande chenye kaburi, maana hakuna mtu wa Dar anayenunua kaburi. Akasema tuchukue. Mwenyekiti akaandika, safari hii kwenye karatasi: kutoka kwenye mnyaa, hatua kumi kwa sita. Mahali pa kulala watu wawili. Ndicho tulichokombolewa.

Mwalimu akakaa. Akaninyooshea mguu wenye bandeji mbele za watu, akaangalia pembeni.

Nilitoa katambuga kwenye mfuko. Misumari ilikuwa imeshika kutu na mmoja umelegea, lakini tairi lilikuwa zima. Nikapiga magoti kwenye saruji ileile. Nikaupitisha mguu polepole kwa sababu ya kidonda, na kwa sababu ya mama, nikapandisha gidamu nyuma ya kisigino. Kisha mama mmoja mlangoni akasema kwa sauti, "Mnaona? Hayo ndiyo malezi," na wengine wakaitikia, na mmoja akapiga kigelegele.

Juu ya kichwa changu nikasikia, imevutwa vilevile kama zamani, "Marahabaaa, mwanangu."

Sikuwa nimesema kitu. Nilikuwa na msumari mdomoni, wa kubadili ule uliolegea.

Nenda Vihingo leo, watakuambia binti wa yule mjane alimpigia magoti Mwalimu, akamwamkia, yakaisha. Mama naye ameambiwa hivyo, na tangu siku ile analala mpaka kunakucha, kwa hiyo sijamsahihisha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale chini. Sikumwamkia.